Stima ya Ruiru, Meli ya Pevek, na Nani Anabaki na Takataka

Wasee wengi hapa Ruiru hawajui kwamba Nairobi ilianza kuwaka taa kwa maji yetu. Sio utani. Mwaka 1908 injinia mmoja aitwaye Clement Hertzel alipewa haki ya pekee ya kuuza stima Nairobi na viunga vyake. Hapo ndipo kampuni ya Nairobi Power and Lighting Syndicate ilizaliwa, na stima yake ikawa inatoka kwenye mtambo wa maji katika mto Ruiru. Mwaka 1922 kampuni hiyo ikaungana na ile ya Mombasa ikawa East African Power and Lighting. Mwaka 1925 mtambo mwingine ukawashwa Ndula, kwenye mto Thika. Nyaya zikapita juu ya mashamba zikaelekea mjini, na waliokuwa wanaishi chini ya nyaya hizo wakaendelea na koroboi zao kama kawaida.

Naanza huku kwa sababu leo naandika kuhusu kitu ambacho ukikisikia utasema hakituhusu hata kidogo: vinu vya nyuklia vinavyoelea juu ya maji, kule kwenye bahari ya barafu, kaskazini kabisa mwa Urusi. Lakini ukitoka kwa mto Ruiru ukafika huko utaona hadithi ni moja. Mtambo unawekwa mahali ambapo watu ni wachache na sauti yao haifiki mbali, halafu faida inasafiri.

Meli yenyewe inaitwa Akademik Lomonosov. Kusema kweli ni tishari, kwa sababu haina injini ya kujisukuma. Ina urefu wa mita 144, na ndani yake kuna vinu viwili vya nyuklia, kila kimoja kikitoa megawati 35 za umeme. Jumla ni 70. Ili upate picha, ule mtambo wa mafuta mazito wa Thika Power, hapa kwetu, ni megawati 87. Kwa hivyo hii ni kitu kidogo kuliko ile ya Thika, tofauti ni kwamba inaelea na inatumia urani.

Ujenzi ulianza mwaka 2007, mwaka uliofuata ukahamishiwa St Petersburg, na tishari likashushwa majini 2010. Mpango wa kwanza ulikuwa waweke mafuta ya nyuklia ndani yake hapo hapo St Petersburg, jiji la mamilioni ya watu, halafu walivute kupita Bahari ya Baltiki. Watu wa jiji wakapinga, na majirani wa Baltiki pia hawakufurahia. Rosatom, shirika la serikali ya Urusi la nyuklia, likabadilisha mpango. Mwaka 2018 tishari likavutwa likiwa tupu hadi Murmansk, na huko ndiko likawekwa mafuta. Tarehe 23 Agosti 2019 likaanza safari ya karibu kilomita 5,000 kupitia bahari ya Aktiki, na katikati ya Septemba likafika Pevek. Desemba 2019 likaanza kutoa stima.

Angalia vizuri hapo. Watu wa jiji kubwa walisema hapana na wakasikizwa. Kisha meli ikapelekwa mahali ambapo watu hawafiki hata 6,000.

Pevek ni mji wa bandari katika Chukotka, pembe ya mwisho kabisa ya Urusi, karibu na Alaska kuliko Moscow. Watu asilia wa sehemu hizo ni Wachukchi, wafugaji wa kulungu wa barafu na wavuvi. Mji wenyewe ulikua wakati wa Stalin kwa jasho la wafungwa, na kuanzia mwaka 1949 kambi za wafungwa karibu na hapo zilikuwa zinachimba urani. Yaani urani ilitolewa kwao kwa nguvu, na miaka 70 baadaye urani ikarudi kwao ikiwa ndani ya meli. Sio wao waliipanga safari yoyote kati ya hizo mbili.

Kuwa fair kwa Warusi, Pevek inahitaji joto. Huko baridi ya chini ya nyuzi 30 ni siku ya kawaida ya Januari, na mtambo wa zamani wa makaa ya mawe ulikuwa umechoka. Kinu kingine cha nyuklia cha eneo hilo, Bilibino, kilijengwa miaka ya 70 na kilikuwa kinazeeka. Meli hii inatoa stima na pia maji moto ya kupasha nyumba. Mama wa Pevek anayepika uji asubuhi pengine hana shida nayo. Lakini stima nyingi katika eneo hilo inatafutwa na migodi, ya dhahabu na shaba. Matishari mengine ya nyuklia yanajengwa sasa kwa ajili ya mgodi mkubwa wa shaba wa Baimskaya, huko huko Chukotka. Nyaya juu ya mashamba tena, mnaona?

Sasa, hatari ni zipi hasa? Greenpeace waliiita meli hii Titanic ya nyuklia, jina tamu kwa kichwa cha habari lakini halielezi kitu. Wacha nieleze polepole, maana watu huogopa kitu kisicho na wakaacha kilicho.

Kinu cha nyuklia hakilipuki kama bomu. Kazi yake ni kuchemsha maji: urani inagawanyika, inatoa joto, joto linatengeneza mvuke, mvuke unazungusha mashine ya stima. Tatizo kubwa linakuja ukizima. Jiko la gesi ukilizima limezimika. Kinu ukikizima, mafuta yake yanaendelea kutoa joto kwa siku, kwa miezi, na lazima kitu kiendelee kuyapoesha. Ndicho kilichotokea Fukushima tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko lilipokuja vinu vilijizima vizuri kabisa. Kisha tsunami ikazamisha jenereta za kuendesha pampu, maji yakaacha kuzunguka, na mafuta yakayeyuka. Watetezi wa vinu vinavyoelea wanasema hapo ndipo meli inashinda: maji ya kupoesha yako pande zote. Na ni hoja nzuri, siwezi kuidharau. Shida ya meli iko kwingine. Meli inaweza kugongwa, inaweza kukatika kamba, inaweza kuzama, na ikiwa Aktiki msaada uko mbali, barafu imefunga njia, na nusu ya mwaka jua halionekani vizuri.

Na haya sio mawazo ya filamu. Bahari hizo zina historia.

Mwaka 1959 Wasovieti walizindua Lenin, meli ya kwanza ya nyuklia ya kuvunja barafu. Fahari ya taifa. Mwaka 1965 na 1967 ikapata ajali kwenye vinu vyake, na sehemu ile iliyoharibika wakaikata, wakaiburuta hadi karibu na kisiwa cha Novaya Zemlya, wakaiangusha baharini. Mwaka 1982 wakachukua nyambizi nzima, K-27, ambayo kinu chake kilikuwa kimeua mabaharia mwaka 1968, wakaizamisha kwa makusudi katika Bahari ya Kara, kwenye kina cha karibu mita 30 tu. Thelathini! Ukisimamisha jengo la ghorofa kumi hapo, paa linakaribia kutokea juu. Dunia haikuambiwa. Ni mwaka 1993, Usovieti ikiwa imeshavunjika, ndipo ripoti iliyoongozwa na mwanasayansi Aleksey Yablokov ilipoeleza hadharani: maelfu ya makontena ya taka za mionzi na vinu 16 vilikuwa vimetupwa kwenye bahari hizo, vingine vikiwa bado na mafuta ndani.

Utasema hiyo ni zamani, ni ukomunisti, watu wamejifunza. Sawa. Agosti 2003, nyambizi nyingine iliyochakaa, K-159, ilikuwa inavutwa kwenda kuvunjwa. Ilikuwa imeshika kutu hadi ikafungiwa maboya makubwa pembeni ili isizame njiani. Dhoruba ikaja, maboya yakang'oka, ikazama usiku katika Bahari ya Barents na mabaharia 9 kati ya 10 waliokuwa ndani. Iko chini huko hadi leo, zaidi ya mita 200, ikiwa na takriban kilo 800 za mafuta ya nyuklia yaliyotumika, katika bahari ambayo watu wanavua samaki wa kuuza Ulaya nzima. Kuiinua imezungumzwa miaka nenda miaka rudi.

K-159 ndiyo hunifanya nifikiri zaidi kuliko Chernobyl. Pale hapakuwa na kinu kinachofanya kazi. Hapakuwa na mtu aliyebonyeza kitufe kibaya kwenye chumba cha mitambo. Ilikuwa kazi ya kuvuta chombo kutoka hapa hadi pale, na hali ya hewa ikaharibika. Na Akademik Lomonosov itavutwa tena. Mpango wake ni kubadilishiwa mafuta kila miaka mitatu hivi, mafuta yaliyotumika yanakaa humo humo ndani, halafu baada ya miaka 12 inarudishwa kwa ukarabati ikiwa imebeba mzigo huo wote. Safari ya kuja ilikuwa na mafuta mapya, ambayo hayana mionzi mingi. Ya kurudi ndiyo yenye kazi.

Haki iwepo, Warusi sio wa kwanza. Wamarekani waliwatangulia. Miaka ya 60 jeshi la Marekani lilichukua meli ya mizigo ya Vita vya Pili vya Dunia, likaipasua katikati, likaweka kinu cha megawati 10, likaipa jina Sturgis. Kuanzia 1968 ilifungwa katika ziwa la Gatun, Panama. Kwa nini huko? Ukame. Maji ya ziwa yalikuwa yanagombaniwa na mtambo wa stima na ule mfereji wa meli. Meli ya nyuklia ikatoa stima, maji yakaachiwa mfereji. Sisi ambao tumekua tukisikia "maji yamepungua Masinga, stima itakatwa" tunaelewa hiyo hesabu bila kuelezwa. Sturgis ilizimwa katikati ya miaka ya 70 bila ajali kubwa. Lakini kuivunja na kuisafisha kulikuja kumalizika Texas zaidi ya miaka 40 baadaye. Ilifanya kazi chini ya miaka 10 na ikalindwa zaidi ya 40. Hizo namba mbili zikae kichwani.

Sasa turudi nyumbani.

Kenya imewahi kuwa na mtambo wa stima unaoelea. Sio wa nyuklia, tulieni. Mwaka 1997 kampuni ya Malaysia, Westmont, ilikuja Mombasa na mtambo wa mafuta uliofungwa juu ya tishari. Mkataba wa miaka saba. Stima yake ilikuwa ghali na ilipigiwa kelele sana, na mkataba ulipoisha 2004 kampuni ikaenda zake. Hiyo ndiyo raha ya mtambo unaoelea kwa anayeuuza: anakuja haraka, anaondoka haraka. Westmont walipoondoka hawakutuachia kitu cha kulindwa na vitukuu vyetu. Nyuklia ni mambo mengine.

Na nyuklia inakuja, au angalau serikali imesema inakuja kwa zaidi ya miaka 15. Kamati ya kwanza iliundwa 2010. Ikawa bodi 2012. Mwaka 2019 ikawa wakala, NuPEA. Mei 2016 Kenya ilitia saini makubaliano ya ushirikiano na Rosatom, hao hao wa Pevek, na pia imeongea na Wachina na Wakorea. Mahali palipochaguliwa kwanza ni Uyombo, Kilifi, kijiji cha wavuvi karibu na mlango wa Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa kinu cha megawati 1,000 kifikapo 2034. Watu wa Uyombo wakakataa. Mei 2024 waliandamana, polisi wakawakabili, watu wakaumia. Mwaka 2025 wimbo ukabadilika, ikawa sasa ni Siaya, ufuoni mwa Ziwa Victoria.

St Petersburg wakikataa, meli inahamishwa bila mtu kupigwa. Uyombo wakikataa, kwanza ni rungu.

Mbona nasema meli inaweza kufika kwetu wakati mpango wa Kenya ni kinu cha nchi kavu? Sababu ni hesabu ya gridi. Mapema 2025 matumizi ya juu kabisa ya nchi nzima yalivuka kidogo megawati 2,300. Wahandisi hupenda mtambo mmoja usizidi asilimia 10 hivi ya gridi, maana ukijizima ghafla, wengine wote wanaangushwa nao. Mnakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu yote giza hadi uwanja wa ndege wa JKIA? Sasa weka kinu cha megawati 1,000 kwenye gridi kama hiyo. Kwa hivyo muuzaji atakuja na kitu kidogo, cha 70 au 100, tayari kimejengwa, hakihitaji kununua shamba la mtu wala kubishana na wanakijiji. Kinafunga kamba, kinachomeka waya. Rosatom wanaiuza hivyo hivyo, na mwaka 2024 walitia saini makubaliano ya awali na Guinea kuhusu vinu vinavyoelea. Guinea ni Afrika, jamani.

Na mauzo yao yana sentensi moja tamu sana: taka zote tunarudi nazo nyumbani. Hapo ndipo mimi husimama. Kutoka Urusi hadi Mombasa unapitia wapi? Suez, Bahari ya Shamu, Bab el-Mandeb. Februari 2024 meli ya Rubymar ilipigwa kombora na Wahuthi katika bahari hiyo, na mapema Machi ikazama na karibu tani 21,000 za mbolea. Ikiwa hutaki njia hiyo, zunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema, ukivuta tishari lisilo na injini, wiki baada ya wiki. Kule kaskazini adui ni barafu. Huku ni kombora na maharamia, na bado mawimbi yapo pale pale. Na vita vikija hadi mlangoni? Machi 2022 wanajeshi wa Urusi waliteka kituo cha nyuklia cha Zaporizhzhia, Ukraine, kwa mizinga. Kabla ya hapo kila mtu angekuambia hakuna mwenye akili anaweza kupigana karibu na kinu.

Mimi sio mpinzani wa nyuklia, na najua nikisema hivi kuna watu watani-unfollow pande zote mbili. Kuna nchi imekaa nayo miongo na stima yake ni safi kuliko moshi wa mafuta mazito tunaovuta sisi watu wa Thika. Kinachonipa baridi ni rekodi yetu ya kusimamia vitu vyepesi zaidi. Mei 2018 bwawa la Patel, Solai, lilivunjika usiku na kuua watu zaidi ya 40. Bwawa la udongo na maji, teknolojia ambayo babu angeweza kuikagua kwa macho. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwamwagia watu risasi, watoto wakaugua, na ilibidi mama mmoja, Phyllis Omido, apigane miaka hadi mahakama ikaamua 2020 kwamba walipwe shilingi bilioni 1.3, na mashirika ya serikali yenyewe yakapatikana na makosa. Baada ya hapo kesi ikaendelea kuzungushwa kwenye rufaa. Risasi ya betri unaweza kuipima kwa kifaa cha kawaida cha maabara, na bado tulishindwa kuizuia mtaani.

Kenya ina sheria ya kudhibiti nyuklia tangu 2019 na ina mamlaka yake, KNRA. Kuna hata kituo cha kuhifadhi taka za mionzi katika msitu wa Oloolua, Ngong, za vifaa vya hospitali na viwanda. Hiyo ni hatua. Lakini kwa tishari linaloelea, la shirika la serikali ya nchi nyingine, nani anapanda ndani kukagua bila kuomba ruhusa? Kamba ikikatika usiku, nani ana meli ya kuvuta ya saizi hiyo? Na mvuvi akiambiwa asivue kwa miezi sita, nani anamlipa, kwa pesa ya nchi gani, katika mahakama ya wapi?

Kwenye maktaba ya mtaa hapa Ruiru hutapata kitabu kinachosema nani aliulizwa kabla mto wetu kufungwa mtambo kwa ajili ya Nairobi. Hakuna aliyeulizwa, ilikuwa ukoloni. Siaya mikutano ya wananchi ipo kwa sheria. Kama una shangazi Bondo au Rarieda, mtumie hii, na wakija na chai na mandazi awaulize mambo mawili: mafuta yaliyotumika yatalala wapi mwaka wa 41, na jibu hilo limeandikwa katika ukurasa gani wa mkataba. Akijibiwa kwa maandishi, anitumie picha. Nitaiweka hapa.